Mwalimu Rudia na Kifungu cha Nne

Jina la Rudia hakupewa na mama yake. Alilipata darasani, katika shule ya machimboni, alikofundisha hesabu mpaka ndevu zake zikaanza kufanana na chaki. Mtoto akikosea jibu, mwalimu alisema, "Rudia." Mtoto akipata, mwalimu alisema vilevile, "Rudia," kwa sababu jibu sahihi nalo linaweza kuwa mali ya wizi. Aliyejua alirudia bila kutikisika. Aliyechungulia kwa jirani alianza kuikodolea dari macho, kana kwamba jibu limepanda huko kulala na popo.

Wanasema ualimu humpa mtu subira. Huyu ulimpa shaka, naye akaitunza kama wenzake wanavyotunza mifugo. Nani angemlaumu? Miaka nenda miaka rudi aliambiwa kwamba kazi ya nyumbani imeliwa na mbuzi, na walioongoza kwa kusema hivyo walikuwa watoto wa nyumba ambazo hata kuku hakuna. Kulikuwa na mmoja ambaye bibi yake alifariki kila mtihani ulipokaribia. Mwalimu alitoa pole, akatoa na ruhusa, mpaka siku ya kikao cha wazazi bibi alipoingia kwa miguu yake, mzima kama kigingi, akauliza mjukuu anaendeleaje.

"Mjukuu hajambo, bibi," mwalimu alimjibu. "Wasiwasi wetu ulikuwa kwako."

Siasa ilimkuta palepale shuleni. Mheshimiwa wa wakati huo, mjumbe wao katika Baraza la Jimbo, ambaye watu wa machimboni walimwona kwa nadra kuliko kupatwa kwa jua, alikuja kugawa mipira na kuahidi barabara. Alipanda juu ya meza ya walimu, meza ikalia, akaahidi lami kutoka machimboni hadi mjini. Watu wakapiga makofi. Mwalimu alikuwa nyuma akiamua ugomvi wa mipira, na kwa mazoea tu neno likamponyoka: "Rudia."

Mheshimiwa akatabasamu, akarudia, na safari ya pili lami ikawa changarawe.

"Rudia!" wakapokea watoto, maana wimbo walikuwa wanaujua.

Safari ya tatu changarawe ikawa upembuzi yakinifu. Hapo wapasua mawe waliweka nyundo chini, wakacheka mpaka vumbi likawapalia, na kicheko kile hakikuisha hadi siku ya kupiga kura.

Kampeni ya Mwalimu Rudia haikuwa na muziki wala fulana. Alipita nyumba kwa nyumba, na kila alipobisha hodi watoto waliingia uvunguni wakidhani amekuja kuwasemea. Wazazi nao, ambao wengi wao aliwafundisha, walisimama wima na kuficha mikono nyuma. Mtu wa namna hiyo unamnyimaje kura? Atakujua kwa mwandiko wa alama ya vema.

Mkewe alifundisha darasa la kwanza shuleni hapohapo. Hakumzuia, ila alitoa sharti.

"Nenda," alimwambia. "Lakini siku ukirudi hapa unajikohoza kabla ya kila neno, mlango nafunga."

Tangu hapo akimfurahia alimwita Mwalimu, akimkasirikia alimwita Mheshimiwa. Jirani yeyote aliyetaka kujua hali ya hewa ya nyumba ile alisubiri tu ukutani asikie ni lipi limetumika.

Baraza la Jimbo lilikuwa na ukumbi wa viti vya kijani vinavyozunguka, baridi ya mashine inayotafuna vifundo vya mikono, na mbele ya kila mjumbe maikrofoni yenye taa nyekundu. Taa ikiwaka, unasema. Ikizimika, unajisemea. Wengi waligombania viti vya mbele ili kamera iwaone. Mwalimu alichagua nyuma kabisa. Uzoefu ulimfundisha kwamba maovu yote ya darasa hufanyika nyuma, akaona heri awe karibu nayo.

Jirani yake wa kiti alikuwa Kinyozi, mjumbe wa upande wa sokoni. Huyu aliwahi kunyoa nusu ya wapiga kura wake na kusikia siri za nusu nyingine. Alikuwa na roho nyeupe na mdomo usio na komeo.

"Kaka, chai mbona huinywi?" alimuuliza siku ya kwanza.

"Nani kaileta?"

"Baraza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni saa nne, kaka! Chai hailetwi na njama, inaletwa na birika."

Mwalimu alimshukuru, na kipindi chake chote cha kwanza akanywa maji aliyotoka nayo nyumbani.

Ndivyo alivyokuwa. Waziri akisimama na takwimu, yeye alisimama na neno lake lile. Spika, mama mwenye miwani iliyokaa puani kama askari lindoni, akatoa mwongozo kwamba "rudia" si lugha ya Baraza. Kuanzia siku hiyo Mwalimu akasema, "Naomba ufafanuzi, Mheshimiwa Spika," lakini ukumbi mzima ulisikia rudia. Mtu akimpongeza kwa hotuba, alijiuliza anataka nini. Akikaribishwa meza ya chakula, alikaa kiti cha karibu na mlango. Hoja zake zilianguka moja baada ya nyingine kama nguo kwenye kamba mbovu, na kila iliyoanguka ilimthibitishia kwamba alikuwa sahihi kutomwamini mtu. Katika kushindwa alikuwa na amani. Alijua yuko wapi.

Aliyemnyima usingizi hasa alikuwa Asali. Huyo alikuwa mnadhimu wa upande wa serikali, yaani kazi yake ilikuwa kuhakikisha wajumbe wao wanasema ndiyo kwa pamoja na siyo kwa pamoja, asitokee wa kuchelewa. Ulimi wake ulikuwa laini kiasi kwamba mtu aliyenyimwa kitu na Asali aliondoka akisema ahsante. Mwalimu alimtazama kama unavyomtazama mtoto aliyekaa kimya mno.

Basi katika kipindi chake cha pili, uchaguzi ukiwa unanukia, wizara ya elimu ya jimbo ikatoa amri: shule zote zenye watoto wachache ziunganishwe na shule kubwa, kuanzia muhula ujao. Shule ya machimboni ilikuwa na watoto wachache. Shule kubwa ilikuwa ng'ambo ya barabara ya malori ya mawe, malori ambayo breki zake ziliendeshwa kwa sala.

Mkewe alileta habari hiyo akiwa bado na vumbi la chaki mikononi.

"Watoto wangu wa darasa la kwanza," alisema, "wengine hata kushoto na kulia wanabahatisha. Ndio uwavushe barabara ile?"

Mwalimu alikaa mezani akaandika muswada. Ulikuwa na vifungu vinne na haukuwa na neno gumu hata moja. Cha kwanza kilisema shule isifungwe kabla wazazi hawajasikilizwa. Cha pili kilisema mtoto mdogo asihamishiwe shule ya ng'ambo ya barabara ya malori. Cha tatu kilisema shule ndogo ipewe walimu wa kutosha. Cha nne kilisema walimu hao watalipwa kutoka katika fungu la magari mapya ya wenyeviti wa kamati za Baraza, na magari hayo yasubiri.

Kinyozi alikisoma kifungu cha nne akapiga mluzi. Naye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya masoko.

"Kaka, hapa umeshika nyuki kwa masharubu."

"Nyuki hana masharubu."

"Wa humu wanayo. Mimi nitakuunga mkono, sitaki laana ya watoto. Lakini wale wa mbele? Watakutafuna bila chumvi."

Mwalimu alijiandaa kutafunwa. Kila jioni alifanya mazoezi ya hotuba mbele ya mkewe, mke akisahihisha vitabu vya watoto. Alijifunga kibwebwe, kama wasemavyo, akasubiri vita.

Vita haikuja.

Muswada uliposomwa mara ya kwanza, hakuna aliyeguna. Uliposomwa mara ya pili, wajumbe wa serikali walisimama kuusifu. Mmoja alikumbuka mwalimu wake wa utotoni, akapangusa jicho. Wengine wakagonga meza. Asali mwenyewe akavuka ukumbi, akamkumbatia mbele ya kamera, akamwambia, "Mwalimu, safari hii umetufundisha." Kisha Spika akauliza wanaoafiki waseme ndiyo.

"Ndiyooo!"

Ndiyo ile Mwalimu aliijua. Aliisikia maelfu ya mara. Ni ile ya darasa zima baada ya mwalimu kuuliza kama tumeelewana, ndiyo ndefu yenye mkia, inayotolewa na watu ambao kitu pekee walichoelewa ni kwamba kengele imekaribia kulia. Au, mbaya zaidi, ni ile wanayoitoa wakati kuna mjusi ndani ya mtoto wa meza na wanasubiri ufungue.

Machale yalimcheza. Nani ananyang'anywa gari huku akipiga meza kwa furaha?

Kilichobaki kilikuwa usomaji wa tatu tu. Lakini Mwalimu hakulala. Aliiweka nakala iliyochapwa sambamba na yake, akasoma neno kwa neno, kisha akaisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo, kama alivyofanya alipotafuta walionakiliana. Hakuna koma iliyohama. Akaona hilo ndilo jambo la kutisha kuliko yote: wamefanya kazi safi. Alimfuata karani akamuuliza kama kuna karatasi nyingine inayozunguka. Karani akasema hakuna, tena akamtazama machoni, na Mwalimu akajiuliza kwa nini mtu ajitahidi kumtazama mwenzake machoni. Alirudi kunywa maji ya nyumbani.

Mwisho akamgeukia Kinyozi.

"Wamekupa nini?"

"Akina nani?"

"Mwenyekiti wa kamati anayefurahia kunyimwa gari ni wa kwanza duniani."

Kinyozi aliweka kikombe chini taratibu. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Kaka, nimekaa na wewe miaka yote hii. Nimekupa peremende zangu. Leo unanipekua mimi?" Akahamisha kiti chake kidogo, kadiri kinavyoweza kuhama kiti kilichofungwa sakafuni kwa skrubu.

Nyumbani, mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kalamu nyekundu ikiwa hewani.

"Labda wameupenda," alisema.

"Watu hawapendi sheria, mama. Watu wanapenda gari."

"Basi labda hawajausoma."

"Wote? Hata Asali? Asali anasoma mpaka maandishi ya chupa ya maji."

"Mwalimu, nisikilize vizuri. Samaki yumo kapuni. Funika kapu, twende nyumbani."

"Na kama ni nyoka?"

"Ukikuta ni nyoka tutamkaanga hivyohivyo. Wewe pitisha tu. Muhula ukianza nataka watoto wangu wawe mbele yangu, si mbele ya lori."

Aliahidi. Ni vizuri isemwe hivyo, kwa sababu baadaye watu walisema mengi. Alitoka nyumbani amekwisha kuahidi kufunika kapu.

Siku ya usomaji wa tatu ukumbi ulijaa. Spika alishusha miwani. "Mtoa hoja, una neno la mwisho kabla sijalihoji Baraza?"

"Sema ahsante, ukae," Kinyozi alinong'ona. Alikuwa bado amenuna, lakini alinong'ona.

Taa nyekundu ikawaka. Mwalimu akasimama, akafungua mdomo, na ahsante ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Ndipo kutoka ng'ambo ya ukumbi Asali akamtabasamia na kuinua kidole gumba. Kidole gumba! Katika maisha yake yote hakuna mtoto aliyewahi kumtabasamia hivyo isipokuwa aliyekuwa amekalia kitu.

"Mheshimiwa Spika," alisema, na akasikia sauti yake ikiwa ya darasani, "kabla hujatuhoji, naomba mjumbe yeyote anikumbushe kifungu cha nne kinasema nini."

Kinyozi alimvuta koti. Mtu mmoja akacheka. "Mwalimu, umesahau muswada wako?"

"Sijasahau. Nataka kujua kama tunakijua wote."

Wajumbe wakaanza kukagua kucha zao. Mwenyekiti wa kamati ya maji, aliyependa kuonekana anajua, akajitosa. "Kinahusu, ee, ustawi wa elimu kwa ujumla wake."

"Rudia," Mwalimu alisema, na Spika akasahau kumkataza, kwa sababu hata yeye alikuwa ameanza kutafuta ukurasa.

Sauti ya karatasi ilianzia mstari wa mbele, moja, mbili, kisha ukumbi mzima, kama mvua inavyoanza juu ya bati. Mwalimu alisimama akiwatazama. Alisubiri mtego uonekane, karatasi ya pili, njama, chochote. Alichokiona ni watu wazima wenye tai wakifuatisha mistari kwa vidole. Walikuwa wanasoma kwa mara ya kwanza.

"Magari?" mtu akasema.

"Magari gani?"

"Yetu!"

Hapo Baraza likawa soko lililoingiliwa na ng'ombe. Aliyemlilia mwalimu wake wa utotoni alikuwa wa kwanza kupiga kelele. Asali akasimama, akaomba shughuli ziahirishwe hadi kesho, na Spika akakubali bila kuhoji. Kinyozi alikuwa amefunika uso kwa viganja vyote viwili.

Asali alimkuta kwenye korido, karibu na mashine ya maji. Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu.

"Ulidhani nini, Mwalimu?"

"Nilidhani mmebadilisha kitu."

"Na ulipokuta hatujabadilisha?"

"Nikadhani mmekificha vizuri."

Asali alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Mimi nasoma karatasi za kila mtu humu ndani. Za watu wangu nasoma mara mbili, maana nawajua. Za kwako niliacha zamani. Sijawahi kukuta ndani yake kitu cha kujinufaisha. Niliwaambia wenzangu, ya Mwalimu ni ya shule, pitisheni, mzee naye apate yake moja. Hakuna aliyekula njama, ndugu yangu. Ulikuwa unaaminiwa tu."

Mwalimu alimchunguza usoni jinsi alivyochunguza nyuso za watoto wa mbuzi na bibi. Alitafuta jicho linalokwepa, mdomo unaojilamba. Hakuona kitu, na kwa mara ya kwanza kutoona kitu kulimuuma.

"Rudia," alisema, kwa sauti ya chini.

Asali akarudia, neno kwa neno. Kisha akaweka mezani alichokuja nacho: kifungu cha nne kitolewe, vitatu vipite kesho asubuhi. Kikibaki, vyote vinaanguka, na muhula unaanza na malori. Mwalimu hakuhitaji chaki kukokotoa hesabu ile. Alijua kifungu cha tatu bila cha nne ni ahadi ya bwana harusi asiye na nyumba. Walimu wa kutosha, watalipwa na upepo? Lakini cha kwanza na cha pili vingeishi, na shule isingefungwa.

Asubuhi yake vitatu vikapita. Safari hii ile "ndiyo" yao ilikuwa fupi, kavu, isiyo na mkia. Kila mtu alikuwa amesoma.

Mkewe alikuwa amesikia kila kitu redioni. Mwalimu alipoingia, alimkuta amekaa na vitabu vya kusahihisha ambavyo havikuwa vimefunguliwa.

"Karibu, Mheshimiwa."

Mwalimu akajua. Akavua viatu.

"Samaki yumo kapuni," mkewe alisema, "wewe ukaenda kumuuliza kama ameridhia kukaangwa."

"Shule haifungwi."

"Haifungwi. Ipo. Walimu ni mimi na mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu anastaafu. Nitafundisha darasa la kwanza nikitazama mbele, la pili nikitazama nyuma, na la tatu nitalifundisha kwa kisogo." Akafungua kitabu cha juu, akakifunga tena. "Walikuwa wamekuamini, mume wangu. Watu wazima, na magari yao. Mimi hata sijawahi kuona jambo kama hilo."

Kama mambo yangeishia nyumbani, angevumilia. Lakini machimboni habari hukimbia kuliko lori. Watu walikuwa wamesikia kwamba muswada ulikuwa unapita wote, vifungu vyote vinne, na kwamba aliyeusimamisha ni mwenyewe mwenye nao. Wakajiuliza swali ambalo yeye angejiuliza. Nani anaharibu mkate wake mwenyewe bure? Kufika jioni walikwisha kupata jibu: kahongwa. Wengine walijua mpaka rangi ya gari alilopewa, na kwamba limefichwa kwa shemeji yake. Mwalimu hakuwa na shemeji mwenye hata baiskeli. Alipita njiani, na watu aliowafundisha kutia shaka wakamtia shaka kwa ufundi mkubwa. Walimwamkia vizuri mno. Walimtazama viatu kuona kama ni vipya.

Uchaguzi ulipofika alishindwa na kijana wa duka la vifaa vya ujenzi, aliyeahidi lami. Hakuna aliyemwambia arudie. Kinyozi alishinda kwake, akapata gari lake, akampigia simu siku hiyohiyo. "Kaka, sijakusamehe," alisema, "ila ukihitaji kupelekwa mahali, sema."

Wiki ya kufungua shule kukawa na kikao cha wazazi, ndani ya darasa, watu wazima wakiwa wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Mwalimu alikaa nyuma. Mkewe alieleza hali ilivyo: madarasa matatu ya wadogo, mwalimu mmoja, na jimbo limejibu kwamba sheria inaruhusu walimu ila fungu halipo.

Akasimama mwanamke mmoja mponda kokoto, wanayemwita Mama Nyundo. Alikuwa na watoto wawili darasani humo na vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Hakumtazama mke wa Mwalimu aliyekuwa mbele. Aligeuka nyuma.

"Mwalimu, mimi sizunguki. Walikupa nini?"

Madawati yakalia watu walivyogeuka.

"Hawakunipa kitu, mama."

"Ulikuwa unashinda. Kila mtu alisema ndiyo. Ukasimama ukaharibu. Kwa nini?"

Mwalimu alisimama. Alikuwa na ukweli, wote, mkononi. "Niliona wanakubali haraka mno," alisema. "Nikadhani wananidanganya."

Hata masikioni mwake mwenyewe lilisikika vibaya. Lilikuwa jibu la mbuzi. Angelipewa na mtoto, angemsimamisha mbele ya darasa mpaka kengele ilie.

"Rudia," Mama Nyundo alisema.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alirudia, vilevile, hakubadilisha neno, na hakutazama dari. Mama Nyundo alimkazia macho muda mrefu, jinsi anavyolikazia jiwe kabla hajaamua lipasukie upande gani.

"Sikuamini," alisema hatimaye. "Lakini sina ushahidi."

"Mimi ninao, maana naishi naye," mkewe alisema kutoka mbele, "na ni kweli, ana wazimu wa namna hiyo hasa." Watu wakaguna, kidogo kama kicheko. Kisha akamnyooshea chaki mumewe juu ya vichwa vya wazazi. "Fungu halipo. Gari halipo. Nyumbani kuna mtu ameketi anasoma maandishi ya chupa ya maji. Kesho saa moja na nusu, darasa la tatu. Kifungu cha nne ni wewe."

Alikuja kesho yake na shati lililopigwa pasi. Watoto wakasimama, wakamwamkia, wakakaa. Mama Nyundo naye alikuwapo. Hakuwa ameenda kuponda kokoto. Alisimama mlangoni, mikono kifuani, nyundo imeegemezwa ukutani nje, akimwangalia anavyoandika tarehe, anavyoita majina, anavyogawa kipande cha chaki katikati ili kitoshe.

"Mama, unaweza kukaa," Mwalimu alimwambia.

"Nimeshakaa sana," alijibu. "Endelea."

Akaendelea. Aliandika hesabu ya kujumlisha ubaoni, akageuka. Bado yupo. Akaandika ya pili, kwa mwandiko mzuri zaidi.